Mbuni Aliyeandikwa Ngamia

Daktari Lul Jelle alikuwa ametimiza miaka ishirini na saba kazini, na miaka yote hiyo aliimaliza ndani ya chumba kimoja. Makumbusho madogo ya Garissa yalikuwa na chumba cha vyombo vya kale, chumba cha mkurugenzi, na chumba kilichobaki. Siku alipoajiriwa aliambiwa achague kimoja, wanyama watambaao au ndege, maana nafasi haikutosha. Akasema vyote viwili. Basi mitungi ya nyoka na mijusi waliolowekwa kwenye spiriti ikapangwa ukuta wa kushoto, droo za ndege waliokaushwa zikapangwa ukuta wa kulia, naye akajibana katikati na meza yake.

Mjini walimjua sana, ila kazi yake hawakuielewa. Dada yake Ifrah alimtambulisha kwa watu kama "daktari" na kuishia hapo, kwa hiyo watu walimjia wameshika mashavu wakilia na meno. Wengine walimletea nyoka ndani ya madumu ya mafuta ya kupikia, wakayaacha mlangoni bila hata salamu, kama mtu anayerudisha chombo cha jirani. Lul hakumfukuza mtu. Wenye meno aliwaelekeza hospitali, na nyoka aliwapima urefu.

Jambo moja tu lilimchoma moyo, nalo lilikuwa mbuni. Mbuni wa kaskazini mashariki, yule ambaye Wasomali humwita gorayo, ana shingo na mapaja ya kijivu yanayoelekea samawati. Si sawa na yule wa kusini mwenye shingo ya waridi. Lakini kadi za zamani ziliwaandika wote kwa jina moja la kisayansi, *Struthio camelus*, na hilo *camelus* ni ngamia. Waliompa jina hilo karne kadhaa nyuma waliona shingo ndefu na hatua ndefu, wakamkumbuka ngamia, basi ikawa. Lul aliandika makala, akabeba mifupa kwenye mikutano ya nchi za watu, akabishana mpaka sauti ikamkauka: gorayo ni ndege wa aina yake, apewe jina lake, na hilo la ngamia aachiwe mwingine. Wataalamu wengi walikuwa wamekubali. Aibu iliyobaki ni kwamba makumbusho yake mwenyewe hayakuwa na gorayo hata mmoja.

Kwa hiyo Warsame alipompigia simu kutoka Elwak, Lul aliruka kitini. Warsame alikuwa mfugaji ambaye kwa miaka mingi alimpasha habari za ndege na kenge wa upande ule.

"Gorayo dume amekufa karibu na boma langu," alisema. "Amemeza kufuli."

"Kufuli la nini?"

"La sanduku langu, Daktari. Na ufunguo bado ninao. Fanya haraka kabla fisi hawajasikia."

Lul alifika kesho yake jioni kwa pikapu ya kazi. Siku tatu alichuna, akakwangua, akapaka chumvi, akamrudishia Warsame kufuli lake. Ile ngozi akaijaza majani makavu na kuitia nyaya miguuni ili ikauke ikiwa na umbo lake. Alipomaliza, gorayo alisimama wima nyuma ya pikapu, shingo juu, jicho la kioo likitazama upeo wa macho kama abiria aliyelipa nauli. Mguuni Lul alimfunga kadi aliyoiandika kwa mwandiko wake mzuri: jina jipya, halafu, kwa kuwa alikuwa mtu mkweli, akaongeza "awali *Struthio camelus*".

Kosa lake lilikuwa hilo.

Wiki ile kulikuwa na karantini ya mifugo, na kwenye kizuizi cha barabarani askari hakutaka kuona barua ya utafiti. Alitaka kibali cha kusafirisha mifugo. Lul akarudi Elwak mjini, akaenda kwa karani wa vibali, bwana mmoja mpole aitwaye Adow, aliyekuwa na meza, muhuri, na fomu yenye visanduku vitano: ng'ombe, ngamia, mbuzi, kondoo, punda.

"Andika pembeni kwamba ni ndege," Lul alimwambia.

"Ndege ni kuku," alijibu Adow. "Kuku hawahitaji kibali."

"Vizuri. Basi sihitaji kibali."

Adow alichungulia dirishani, akamtazama gorayo kwa muda. "Yule si kuku, Daktari."

"Sijasema ni kuku. Tena amekufa."

"Usiseme hivyo kwa sauti! Kibali ni cha mnyama hai. Mzoga wakati wa karantini hausafiri, unafukiwa kwa chokaa. Nikiandika amekufa, nitamwita mtu wa chokaa sasa hivi, naye ana jembe garini."

Adow hakuwa mtu mbaya. Alitoka nje, akamzunguka gorayo mara mbili akitafuta njia ya kumsaidia, mwishowe akainama na kusoma ile kadi mguuni. Uso ukamchangamka.

"Lakini umeandika mwenyewe! *Camelus*. Si ni ngamia huyu?"

"Hilo ni jina la zamani. Nimepigana nalo miaka ishirini na saba."

"Unapigana nalo na umelifunga mguuni kwake?"

Jua lilikuwa kali, ngozi ilianza kulegea kwenye mshono wa tumbo, na mtu wa chokaa alikuwa amesimama kivulini akipiga miayo. Akajiambia kwamba karatasi ile ingekufa kifo chake palepale kizuizini, hakuna atakayeisoma tena. Akasema, "Andika unavyoona." Muhuri ukagonga. Kule kizuizini askari alimtazama gorayo, akaitazama karatasi, akasema, "Ngamia mmoja. Pita."

Wiki mbili baadaye, gorayo akiwa amesimamishwa kwenye ukumbi wa makumbusho, mkaguzi wa mifugo aliingia na faili kwapani. Aliitwa Abdihafid, mwanamume wa miaka arobaini na kitu, nadhifu, mwenye kalamu tatu mfukoni. Zamani aliwahi kuhamishwa kituo kwa kuacha nafasi tupu kwenye fomu, na tangu siku hiyo alikuwa akijaza kila nafasi.

"Nimekuja kumwona ngamia wa kutoka Elwak," alisema.

"Hakuna ngamia. Kuna huyu."

Abdihafid alimtazama gorayo, kisha akafungua faili upesi, kama mtu anayefunika macho. "Daktari, mimi sikuja kubishana na mnyama. Nimekuja kujaza. Anakula?"

"Hali."

"Anakunywa?"

"Hanywi."

"Tangu lini?"

"Tangu alipokufa."

"Hapa hakuna nafasi ya hilo. Aliingia kaunti akiwa hai, saini hii hapa. Kukohoa?"

"Hakohoi."

"Tabia?"

Lul alichoka. "Mtulivu."

"Maasha'Allah," akasema Abdihafid, akaandika *mtulivu*. Kisha akatoa sindano ya chanjo. Lul alijaribu kumzuia, lakini mtu yule aliapa kwamba nafasi ya chanjo haiwezi kubaki tupu, wallahi, ana watoto watano. Sindano ya kwanza ikakwama kwenye waya. Ya pili ikapenya, na dawa ikachuruzika ndani ya majani makavu. Kibati cha nambari kinachovaliwa sikioni hakikupata sikio la kuning'inia, kikabanwa kwenye bawa.

Akawa anakuja kila mwezi. Lul aliandika barua nne za kusahihisha. Kila moja ilijibiwa kwamba imepokelewa na kuambatanishwa kwenye faili la ngamia. Mwaka ule ulikuwa wa ukame, na katikati yake yakaletwa marobota mawili ya nyasi, mgao wa mfugo aliyeathirika. Mkurugenzi wa makumbusho, Noordin, alisema zisitupwe, zitafutiwe matumizi. Kwa kuwa majani ya Elwak yalikuwa yamesinyaa na gorayo amebonyea kifuani, Lul alifungua mshono na kumshindilia nyasi zile, robota zima na nusu ya pili.

Abdihafid aliporudi, alimzungushia gorayo kamba ya kupimia kifuani, akapima tena. "Amenenepa," akasema kwa sauti ya chini.

"Nimemjaza zile nyasi."

"Kwa hiyo amezipokea." Akaandika kwa furaha.

Ripoti zile zilipanda ngazi, kutoka meza hadi meza, hata zikafika kwa watu wanaosoma ripoti tu na wasioona wanyama. Walichokisoma hakijawahi kuonekana: ngamia aliyekaa miezi minane ya ukame bila tone la maji, hali chochote, haugui, mtulivu, na kifua kinaongezeka. Barua ikaja yenye nembo. Ngamia huyo alikuwa ameteuliwa Mfugo Bora wa Kustahimili Ukame, angetunukiwa Wajir Siku ya Mifugo, na mtunzaji wake, Daktari Lul Jelle, ambaye sasa barua ilimwita mtaalamu wa ngamia, angetoa hotuba.

Noordin aliisoma barua hiyo mara tatu. "Miaka yote hii hakuna aliyetuandikia," alisema. "Hata walipotukatia umeme hawakuandika. Nenda, Lul. Sema maneno mawili tu."

"Nikaseme nini? Huyu ni ndege."

"Sema amefurahi."

Ifrah naye alipiga simu kwa vigelegele, eti hatimaye dada yake anafanya kazi ya kueleweka.

Lul alikwenda, lakini alikwenda amepiga moyo konde. Wajir siku ile ilijaa. Ngamia walikuja wenyewe kwa miguu kutoka visimani, pikapu na pikipiki zimepaki kila mahali, vipaza sauti vinakoroma. Gorayo alishushwa na watu wanne, akasimamishwa kwenye zulia jekundu kati ya ngamia dume wawili, amefungwa utepe shingoni. Ngamia mmoja alimnusa mgongoni, akaanza kuzitafuna zile nyasi kupitia mshono. Wafugaji waliokuwa mstari wa mbele walimkodolea macho gorayo. Midomo yao ilikuwa imebanwa kama watu wenye maji kinywani. Warsame alikuwa miongoni mwao, kwani naye alialikwa kama mfugaji aliyemlea ngamia bingwa.

Lul alishika kipaza sauti. "Assalamu alaykum. Mnyama huyu si ngamia," alisema. "Ni gorayo. Alikufa mwaka jana kwa kumeza kufuli. Nimemchuna kwa mikono yangu na kumjaza nyasi. Hanywi maji kwa sababu hana tumbo. Nimeandika barua nne."

Uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko. Wazee walishikana mabega. Mwanamke mmoja aliketi chini, machozi yanamtoka.

"Lakini mlijua!" Lul aliwaambia, nusu kwa hasira. "Nyie wafugaji, mlimwona mkajua!"

"Tulijua tangu aliposhushwa," alijibu mmoja wao akifuta macho. "Tulitaka kuona ile karatasi itafika wapi."

Mwenyekiti wa sherehe, ofisa aliyehamishiwa huko hivi karibuni na asiyejua Kisomali, hakucheka. Aliitisha kikao cha dharura chini ya turubai, akawaweka Lul, Abdihafid na Warsame mbele yake.

"Daktari," alianza, "umetoa ushuhuda kama nani?"

"Kama mtaalamu."

"Wa nini?"

"Wa ndege na wanyama watambaao."

"Hapa umeandikwa mtaalamu wa ngamia, kwa sababu unamtunza ngamia huyu. Sasa kama huyu si ngamia, wewe si mtaalamu wa ngamia. Na kama wewe si mtaalamu wa ngamia, ushuhuda wako kuhusu ngamia hauwezi kupokelewa. Kwa hiyo anabaki ngamia."

"Na nikiwa mtaalamu wa ngamia?"

"Basi ni kwa sababu huyu ni ngamia."

Lul alishika tama. Miaka ishirini na saba alikuwa amebishana na maprofesa, lakini mlango huu haukuwa na bawaba wala kitasa. Aliomba gorayo aandikwe amekufa. Mwenyekiti akasoma kanuni: mzoga uchomwe mbele ya mashahidi. Aliomba aandikwe ameuzwa. Ilibidi mnunuzi amchukue. Abdihafid aligeuza kurasa za fomu huku jasho likidondokea karatasi, akisoma kwa sauti visababu vyote vya mfugo kuondolewa kwenye daftari: kufa, kuuzwa, kuchinjwa, kupotea.

Warsame, aliyekuwa akinywa chai muda wote ule, akaweka kikombe chini. Akaongea Kiswahili ili mwenyekiti aelewe. "Ngamia yangu imebotea," alisema.

"Nini?" aliuliza mwenyekiti.

"Ile ngamia ya karatasi. Mimi iko mwenyewe. Leo natafuta, sioni. Imebotea."

Mwenyekiti alimtazama gorayo aliyekuwa hatua tatu kutoka pale, amebaki na nyasi nusu. Akamtazama Lul. "Wewe mtunzaji, unathibitisha?"

Lul hakuwahi kuandika uongo hata kwenye kadi ya mjusi. Alifikiria moto. Alifikiria manyoya yale yakinyauka mbele ya mashahidi. "Nathibitisha kwamba ngamia huyo sijamwona," alisema polepole, akagundua kwamba hilo, neno kwa neno, lilikuwa kweli tupu. Abdihafid akajaza: *Amepotea. Mahali alipoonekana mara ya mwisho: makumbusho.* Kikao kikafungwa, na gorayo akarudi Garissa bila kibali chochote, maana sasa hakuwa kitu.

Wiki ya kwanza Lul alifanya kazi kwa raha iliyopitiliza. Alimshona gorayo tumbo, akang'oa kibati bawani, akamwandikia kadi mpya yenye jina lake na hakuna zaidi. Watoto wa shule walikuja wakamchora.

Wiki ya tatu, asubuhi, lori lilisimama mlangoni. Walishuka watu wawili wenye barua, wakamshusha na ngamia jike mrefu, mwenye ghadhabu, povu mdomoni. Kumbe tangazo la bingwa aliyepotea lilikuwa limesambazwa hadi Dagahaley, kambi ya wakimbizi huko Dadaab, na kwa kuwa halikutaja alama yoyote isipokuwa "shingo ndefu, miguu mirefu", watu hao walimkuta ngamia huyu amesimama peke yake nyuma ya maduka, wakaona anafanana.

"Saini hapa, Daktari. Amepatikana," walisema.

"Huyu ni wa mtu!"

"Ndiyo. Ni wako."

Abdihafid aliitwa, akaja mbio na faili. Lul alikuwa ameshaweka karai la maji, na ngamia aliyanywa yote kwa mkupuo, akaletewa la pili, akalimaliza, la tatu. Abdihafid alimtazama kwa huzuni kubwa.

"Siwezi kumpokea," alisema. "Bingwa hanywi. Huyu anakunywa kama... Huyu hafanani na ngamia kabisa."

Walipokuwa wakibishana hivyo uani, mwanamke mmoja aliteremka kwenye gari la abiria lililotoka Dadaab, kanga ya vumbi, kiatu kimoja kimekatika kamba. Aliitwa Idman, muuza maziwa wa Dagahaley. Hakuwasalimia. Alisimama langoni akapiga mluzi mfupi na kuita, "Bilan!"

Ngamia aliinua kichwa kutoka kwenye karai, akamwendea moja kwa moja, akamwekea kidevu begani.

"Mama, una karatasi gani ya kuonyesha kwamba ni wako?" aliuliza Abdihafid.

"Karatasi?" Idman alimtazama kama mtu aliyeulizwa karatasi ya mkono wake. "Mwite wewe, tuone."

Abdihafid, kwa kuwa hakuweza kuacha kitu kitupu, akajaribu. "Bilan," aliita kwa adabu. Bilan akamtemea mate kwenye shati, kalamu zote tatu zikalowa.

Wale watu wa lori walikubali kumrudisha. Idman alikuwa na haraka, kwani ndama wa Bilan alifungwa nyumbani tangu jana na analia. Lakini dereva alikataa kuwasha gari: hana kibali, na karantini bado ipo. Lul alimgeukia mkaguzi. Alikuwa amechoka, lakini hakupandisha sauti.

"Abdihafid, walaal, ndugu yangu, toa fomu ya kibali."

Akaitoa. Akapangusa kalamu, akapitisha kidole juu ya visanduku vitano, polepole, akirudi nyuma na kwenda mbele. Akamtazama mnyama, kwa mara ya kwanza tangu Lul amjue akimtazama mnyama kwanza na karatasi baadaye.

"Daktari, niambie. Huyu ni nini?"

"Ngamia."

"Una hakika? Wewe si mtaalamu wake tena."

"Nina hakika."

Akatia alama kwenye kisanduku cha pili. Akajaza hai, jike, anakula, anakunywa sana. Kwenye tabia alisita, akatazama shati lake, akaandika *mkali*. Alipofika mwisho aliisoma fomu yote toka juu, na hakukuwa na nafasi tupu hata moja.

"Kumbe ni rahisi hivi," alisema, kwa sauti ya mtu aliyejuta.

Idman alikuwa ameshapanda lorini, ameshika kamba. "Muhuri, muhuri!" alipiga kelele. "Ndama ananingoja!"